Kipandikizi cha shina la ubongo

Kipandikizi cha shina la ubongo ni kifaa cha kielektroniki kinachomwezesha kuhisi sauti mtu ambaye neva zake za kusikia zimeharibika, zimekatwa au hakuzaliwa nazo.

Utendaji

Kwa kawaida koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono, hugeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za umeme. Neva ya kusikia huzipeleka ishara hizo kwenye shina la ubongo. Kipandikizi cha koklea, ambacho kinajulikana zaidi, hufanya kazi badala ya koklea iliyoharibika, lakini bado kinaitegemea neva. Neva isipokuwepo, ishara hazina njia ya kupita.

Kipandikizi cha shina la ubongo hakitumii koklea wala neva. Maikrofoni na kichakataji sauti huvaliwa sikioni. Ishara hupita kwenye ngozi hadi kwa kipokezi kilichopandikizwa chini yake, kisha hufuata waya mwembamba hadi kwenye kibao kidogo chenye elektrodi. Kibao hicho hulazwa juu ya kituo cha kwanza cha kusikia katika shina la ubongo.

Historia

Kipandikizi cha kwanza kiliwekwa mwaka 1979 huko Los Angeles, Marekani, na madaktari William House na William Hitselberger. Mgonjwa alikuwa na nyurofibromatosi aina ya 2, ugonjwa wa kurithika unaoleta uvimbe usio wa saratani kwenye neva za masikio yote mawili. Kuondoa uvimbe huo kunaweza kuokoa maisha, lakini mara nyingi neva ya kusikia hupotea. Kwa hiyo kipandikizi huweza kuwekwa katika upasuaji uleule. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha kifaa chenye elektrodi nyingi kwa wagonjwa hao wenye umri wa miaka 12 au zaidi.

Matokeo

Kifaa huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Elektrodi zinazoleta kizunguzungu au ganzi huzimwa. Watumiaji wengi hutambua sauti kama honi ya gari au hodi mlangoni, na husoma midomo kwa urahisi zaidi. Wachache tu huelewa maneno bila kumtazama msemaji. Kwa mtoto aliyezaliwa bila neva, mazoezi huchukua miaka. Lugha ya alama humwezesha kuwasiliana na kujifunza tangu mwanzo, hata kama kifaa hakitamfikisha kwenye kuelewa maneno.