Kinywa Kimoja, Mikono Miwili

Wako watu wasemao kwamba kupiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja mbele ya hadhara ni kipawa cha kuzaliwa, na ya kuwa asiyekuwa nacho asijisumbue bure. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Historia ya Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, yatuonyesha kwamba hiyo ni kazi, na kazi hufundishika. Kijana anayevunjwa moyo kwa maneno hayo anadhulumiwa.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na wilaya zile zikajaa mashamba ya mkonge. Penye mshahara hapakosi ngoma. Mji ule mdogo ukajipatia bendi mbili mashuhuri, Morogoro Jazz na Cuban Marimba, zikashindana kwa miaka mingi. Salum Abdallah, kiongozi na mwimbaji wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Katika miaka hiyohiyo ya katikati ya 1960, kijana aliyezaliwa mwaka 1944, Mbaraka Mwinshehe, alijiunga na Morogoro Jazz. Huyu ndiye tunayemhitaji katika hoja yetu, maana alikuwa mtunzi, mwimbaji, na tena mpigaji wa gitaa la solo.

Wasiolijua gitaa hudhani magitaa yote ni mamoja. Sivyo. Mpigaji wa ridhimu hurudia mwendo mmoja tangu mwanzo wa wimbo. Mikono ikiisha kuzoea, kinywa chake kiko huru. Lakini gitaa la solo lina maneno yake lenyewe, na maneno hayo si yale ya mwimbaji. Anayeyashika yote mawili ni kama mtu anayesimulia hadithi huku akiandika barua ya habari nyingine.

Basi Mbaraka alifanyaje? Zisikilizeni santuri zake kwa makini, hasa zile za Morogoro Jazz na zile za Super Volcano, bendi aliyoiunda mwaka 1973. Sauti inapotamka mstari, gitaa hupunguza maneno. Mstari unapokwisha, gitaa hujibu. Wakati huo ridhimu na besi zinaubeba mwendo, na waitikiaji wanampa mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha kuimba hukoma, wimbo ukachemka, na hapo ndipo vidole hupewa uhuru wote. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ule ustadi ilimalizwa katika utunzi, kabla mtu hajapanda jukwaani. Anayetaka kuimba na kupiga, na autunge wimbo wenye nafasi ndani yake.

Sehemu iliyobaki ni mazoezi, nayo hayana njia ya mkato. Kwanza mikono ipige peke yake mpaka mpigaji aweze kuulizwa habari za nyumbani akajibu, na mwendo usiyumbe. Halafu agunegune sauti ya wimbo bila maneno. Halafu ayatamke maneno kama mtu anayezungumza, mstari mmoja tu, polepole, akitazama ni silabi ipi inayoangukia pigo lipi. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa mkazo wa neno hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, karibu daima. Mwanafunzi akijua mkazo unakutana na pigo gani, amekwisha kupata msumari wa kutundikia mstari mzima. Panapomshinda, asiurudie wimbo wote kwa hasira. Arudie yale maneno mawili yanayomkwaza, hata mara mia.

Wala jambo hili halikuanza na magitaa ya umeme. Jirani zetu Wagogo wa Dodoma wana ilimba, ile marimba ya mkononi, na marehemu Hukwe Zawose aliipiga huku akiimba, akasikika hadi Ulaya. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu peke yake, bila ridhimu wala besi ya mtu mwingine, na msikilizaji akadhani wako wawili. Na marehemu Bi Kidude wa Unguja, je, si aliimba huku akipiga ngoma yake? Twamtaja makusudi, kwa sababu wasichana wetu huambiwa washike kipaza sauti tu na kuwaachia wanaume vyombo.

Sasa tuseme neno juu ya vyombo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Vyombo vilikuwa vya chama. Kijana asiye na senti ya kununua gitaa aliweza kuligusa, na kuligusa kila siku. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi wa Januari, 1979. Tangu hapo mambo yamebadilika sana, na leo vijana wengi hupanda jukwaani wakaimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Hatuwalaumu, hawana gitaa, wala mahali pa kujifunzia. Lakini muziki uliorekodiwa hauwangoji wachezaji. Bendi hai ikiona watu wamenoga hurefusha mchemko; ikiona wamechoka hukata. Kijana aliyezoea kufuata mashine hapati nafasi ya kujifunza hayo.

Kumbi nyingi za starehe, Morogoro na kwingineko, hukaa kimya mchana kutwa zikingoja jioni. Viti vimepangwa, umeme upo. Twawaomba wenye kumbi hizo, na halmashauri za miji zenye kumbi zake, wawafungulie vijana mlango tangu saa nane hadi saa kumi na moja, siku mbili kwa juma, na gitaa moja la ridhimu liwekwe pale kwa zamu.