Kanga ni Njema, Lakini Shingo ya Mtoto Mchanga Bado Haijakaza

Asubuhi na mapema, wakati wa msimu wa miwa, njia za kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, hujaa watu. Wako waendao kwenye palizi, wako waendao kukata, wako akina mama wenye ndoo kichwani na jembe mkononi. Na mgongoni mwa wengi wao, ndani ya kanga iliyokazwa kwa fundo moja, yumo mtoto. Hakuna anayeshangaa. Karibu sote tuliokulia katika nchi hii tulibebwa hivyo hivyo, na mgongo wa mama ndio uliokuwa shule yetu ya kwanza.

Kwa hiyo hatuandiki leo kuilaumu kanga. Kanga humpa mtoto joto na usalama, nayo humwachia mama mikono yake. Tena kule kumtanua mtoto miguu kiunoni mwa mama, magoti yakiwa yamekunjwa, ni jambo jema kwa nyonga zake zinazokua. Tunaandika juu ya neno moja tu, ambalo kwa kuwa ni la kila siku huonekana dogo. Neno lenyewe ni kwamba mtoto mchanga, ambaye shingo yake haijakaza, hafai kubebwa kama mtoto wa miezi sita.

Hivi karibuni, tulipokuwa katika matembezi sehemu hizo, tulipumzika chini ya mwembe kando ya njia. Akapita mama kijana ambaye mtoto wake hakuwa ametimiza mwezi. Alikuwa amemfunga mgongoni, na upindo wa kanga ameupandisha mpaka juu ya utosi, kwa ajili ya jua na vumbi. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akamwita: "Mwanangu, hebu mfungue huyo mtoto nimwone." Mama akajibu kwa adabu, "Amelala, bibi." Bibi akasema, "Ndiyo maana nataka kumwona."

Kanga ilipofunguliwa, mtoto alikuwa amejikunja, kidevu kimegandamana na kifua, uso umelowa jasho, na pumzi yake ikitoka kwa kukoroma kidogo kidogo. Bibi akamnyanyua, akakiinua kile kidevu, akampangusa uso. Mtoto akavuta pumzi ndefu, kisha akalia. "Sasa nimeisikia sauti yake," akasema bibi, akamrudishia mama mtoto wake.

Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa akitoka kwenye palizi, na nyumbani hapakuwa na wa kumwachia mtoto. Lakini hakujua kwamba ukimya wa mtoto mchanga si lazima uwe ni usingizi mwema.

Yafaa tueleze sababu yake. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kupita nguvu za shingo yake. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, mfano wa mrija mchanga. Kichwa kikiinama mpaka kidevu kikabana kifua, mrija ule hujikunja, na hewa hupita kwa shida au haipiti kabisa. Kadhalika, mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua. Pua ikizibwa na nguo au na mgongo wa mama, hana nguvu ya kugeuza uso wake. Mtu mzima akikosa hewa hupapatika. Mtoto mchanga hunyamaza tu, na mama aliyempa mgongo hawezi kujua.

Hatari hii haiko kwetu peke yetu. Mwezi Machi mwaka 2010 serikali ya Marekani, kwa kupitia tume yake ya usalama wa bidhaa, iliwaonya wazazi juu ya mifuko ya kitambaa ya kubebea watoto. Tume hiyo ilikuwa ikichunguza vifo visivyopungua 14 vilivyotokea katika muda wa miaka 20, na 12 kati yake vilikuwa vya watoto wa chini ya miezi minne. Mifuko ile ilinunuliwa madukani kwa fedha nyingi. Basi tatizo si umaskini wa nguo, bali ni namna ya kumweka mtoto ndani yake.

Je, mtoto mchanga abebwe vipi? Jawabu ni fupi: abebwe kifuani, mahali ambapo mama anamwona. Awe wima, kifua chake juu ya kifua cha mama, kichwa kimegeukia upande mmoja, na juu kiasi ambacho mama akiinama kidogo anaweza kumbusu utosini. Kati ya kidevu na kifua cha mtoto ibaki nafasi ya vidole viwili. Nguo imkaze vya kutosha asiteremke wala kujikunja, imshike mgongo wote, na ukingo wake wa juu ufike chini ya sikio ili kuitegemeza shingo. Uso usifunikwe kamwe. Jua likiwa kali, atafutiwe kivuli au mwavuli, siyo kufunikwa kanga ya pili. Na baada ya kunyonya akiwa ndani ya nguo, arudishwe wima kabla mama hajaendelea na safari.

Kifua cha mama si mahali pa usalama tu, bali ni dawa pia. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, alipokabiliwa na uhaba wa mashine za kuwatia joto watoto njiti, aliwafunga watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mtindo huo ukaja kuitwa wa kangaruu. Baadaye utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao hospitali yetu ya Taifa ya Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano zilizoufanya, ulitangazwa mwaka 2021. Ulihusu watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 1.8. Kati ya wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za mwanzo. Kati ya wale waliosubiri kwanza hali zao zitengemae, walifariki karibu asilimia 16. Kipande cha nguo na kifua cha binadamu viliokoa maisha katika wodi zenye vifaa.

Mgongo nao una wakati wake. Mtoto akiisha kuweza kukishika kichwa chake mwenyewe bila kuyumba, jambo ambalo kwa wengi huja yapata miezi mitatu au minne, na aende mgongoni. Hata hapo abebwe juu, uso uwe nje, na mama asimame mara kwa mara amwangalie. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye mafua na homa, asubiri zaidi, na mama yake apate kwanza shauri la mkunga au la kliniki.

Yako pia mambo ambayo hayafai kufanywa na mtoto akiwa ndani ya kanga, iwe mbele au nyuma. La kwanza ni kupika kwenye mafiga, kwa sababu ya moto, mvuke na moshi. La pili ni kuwa karibu na shamba la miwa linalochomwa. La tatu ni kupanda bodaboda: mbele mtoto hubanwa, nyuma haonekani, na ncha ya kanga ikinaswa na gurudumu huwaangusha wote wawili. La nne ni kulala naye angali amefungwa. Na mama akimwona mtoto wake amebadilika rangi midomoni, anakoroma, anatanua pua kwa kutafuta pumzi, au amelegea na haamki vizuri, amfungue papo hapo, ainue kidevu chake, na akimbilie kituo cha afya.

Lakini tungekuwa tumesema nusu ya maneno kama tungemtupia mama peke yake mzigo huu. Yafaa tujiulize: mtoto wa wiki tatu anatafuta nini kwenye palizi? Wazee wetu waliweka arobaini. Siku hizo mzazi hukaa ndani, wenzake wakamchotea maji, wakampikia uji na kumsaidia kumwogesha mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza mwajiriwa kufanya kazi ndani ya wiki sita tangu kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Wiki sita ni siku 42. Tazameni jinsi hekima ya wazee na sheria ya nchi zilivyokutana! Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na baada ya hapo muda usiozidi saa mbili kila siku wa kunyonyesha. Ila mama anayelima shamba la nyumbani kwake hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe, mama mkwe na majirani.

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati yao hawamalizi hata mwezi mmoja. Hatusemi kwamba vifo hivyo vyatokana na kanga. Tunasema kwamba mwezi ule wa kwanza ndio wenye hatari kuliko yote, na kwamba si wakati wa kufanya majaribio.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Kumfundisha mama kumfunga mtoto kifuani hakuhitaji hata jembe. Kunahitaji kanga moja, na bibi kama yule wa Ruhembe, na nusu saa. Mabalozi wa mashina, akina mama wa UWT, wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa, nusu saa hiyo wanayo. Na akina baba, ambao uchungu wa mwana pia ni wao, waanze kwa kuichukua ile ndoo na lile jembe.

Kanga tutaendelea kuifunga. Tuifunge tukiuona uso wa mtoto.