Kumsoma Mtoto Asiyejua Kusema

Afya ya akili ya mtoto mchanga ni taaluma inayochunguza namna mtoto, tangu anapozaliwa hadi anapofikia umri wa miaka mitano hivi, anavyojifunza kuhisi, kutulia baada ya kulia, kuwaamini wanaomlea na kuyavumbua mazingira yake. Na kwa kuwa mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza linalomsumbua, mtaalamu humtazama akiwa mikononi mwa mlezi wake, akiuhesabu uhusiano wa wawili hao kuwa ndio unaougua na ndio unaotibiwa. Wako wanaoona ni kichekesho kudai kwamba mtoto wa miezi minne anaweza kuwa na majonzi. Hata hivyo, wauguzi wa kliniki za mama na mtoto hukutana na mtoto ambaye uzito wake haupandi ingawa maziwa yapo, asiyemtazama mtu usoni, wala asiyelia anapochomwa sindano ya chanjo, na mizani haina namna ya kueleza sababu. Shahada za uzamili za taaluma hii zimebuniwa ili kumwezesha mhudumu kuisoma hali kama hiyo.

Jina la taaluma lilianza kutumika Michigan, nchini Marekani, katika miaka ya 1970, pale Selma Fraiberg na wenzake walipoanza kuwatembelea akina mama majumbani na kuzungumza nao huku mtoto akiwapo, wakishikilia kwamba mzazi aliyeumizwa utotoni huweza kuyapeleka maumivu hayo kwa mwanawe bila kujua. Lakini sehemu ya msingi wake ilikuwa imekwisha kuchimbwa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby jijini London, alifika Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda vilivyouzunguka mji huo, akiwatazama watoto wanavyonyonya, wanavyomfuata mama kwa macho, wanavyolia akiondoka na wanavyompokea akirudi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1967 kilieleza mfungamano, yaani kifungo cha kihisia kinachomfanya mtoto amkimbilie mtu fulani anapoogopa na kumtumia kama kituo cha kutokea anapokwenda kuchunguza dunia. Jambo moja aliloligundua huko linastahili kutajwa kuliko mengine: akina mama walioweza kusimulia kwa kina habari za watoto wao, tabia zao na vijimambo vyao, ndio ambao watoto wao kwa kawaida walikuwa na mfungamano imara. Kujua kumsimulia mtoto, kwa hiyo, kulikuwa dalili ya kumwona.

Mafunzo ya uzamili yanaujenga uwezo huohuo kwa mwanafunzi, na njia yake ni ya polepole kiasi cha kuwakera waliozoea kukariri. Mfumo ulioanzishwa na Esther Bick katika Kliniki ya Tavistock jijini London mwaka 1948 humtaka mwanafunzi aitembelee familia moja mara moja kwa juma, kwa muda wa saa moja, tangu mtoto anapozaliwa hadi anapotimiza miaka miwili, akitazama tu, bila kushauri, bila kufundisha na bila kuandika chochote akiwa pale. Akirudi ndipo huandika yote anayoyakumbuka, na kikundi kidogo pamoja na mwalimu huyachambua maandishi hayo, pamoja na hisia zilizompata yeye mwenyewe alipomwona mtoto akilia bila kubembelezwa. Sehemu hiyo ya mwisho huendelezwa kazini kwa kile kiitwacho usimamizi wa tafakuri, yaani mazungumzo ya kila mara baina ya mhudumu na msimamizi wake, ambayo hayalengi kukagua kama fomu zimejazwa bali kuuliza kazi imemgusaje na kwa nini amemwonea huruma mama huyu na kumkasirikia yule. Muuguzi anayehudumia foleni ndefu tangu asubuhi anaweza kuona hiyo ni anasa, ingawa pengine ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Shahada kama hiyo ikianzishwa mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, mahitaji mengi ya mafunzo yake yapo tayari. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wodi za wazazi na za watoto, na chuo chake cha tiba, kilichoanzishwa mwaka 1997, kinafundisha madaktari bingwa wa watoto na wauguzi, huku mji huo ukiwa pia na mafunzo ya tiba kwa vitendo, fani inayomsaidia mwenye ulemavu au aliyechelewa kukua aweze kula, kucheza na kujihudumia. Utafiti nao umekwisha kuonyesha uzito wa tatizo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia zaidi ya wanawake 1,000 wa Moshi tangu walipokuwa wajawazito, ulibaini kwamba waliofanyiwa ukatili na wenza wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za sonona baada ya kujifungua. Sonona ni huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya mambo, na mama aliyepatwa nayo huweza kumnyonyesha na kumwogesha mtoto vizuri huku uso wake ukiwa haujibu tabasamu lake. Mtaalamu anayemtibu mtoto huyo, basi, hawezi kukwepa kuuliza habari za baba.

Hata hivyo mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nyumba ya mama mmoja na mtoto mmoja utapwaya miteremkoni mwa Kilimanjaro. Edward Tronick na wenzake, waliowachunguza Waefe wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1980, waliwakuta watoto wachanga wakipokezanwa na watu wengi na hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, nao wakakua salama. Machame, Marangu au Rombo hali si hiyo, lakini mtoto huko naye ana mikono mingi: bibi aliyebaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, baada ya wanawe kuhamia Arusha na Dar es Salaam, dada wa kazi ambaye huenda bado ni binti mdogo, shangazi na kaka. Desturi ya Wachaga ya kumpumzisha mzazi kwa miezi kadhaa, akilishwa mtori wa ndizi na kuondolewa kazi nzito, ni kinga ambayo hospitali haiwezi kuinunua. Ila pia humweka mama kijana chini ya macho ya mama mkwe kutwa nzima, na si kila mama mkwe ni faraja. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia huko, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga kilichotoka mwaka 1940, nacho kingefaa kusomwa darasani sambamba na Bowlby, kwa jicho la kuhoji.

Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo miongoni mwa nguzo zake tano yamo malezi yenye mwitikio, maana yake mlezi kuzitambua ishara za mtoto na kuzijibu kwa wakati. Utekelezaji wake vijijini unawategemea sana wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao hawatasoma shahada ya uzamili, na hilo lingepaswa kuamua sura ya shahada yenyewe: mhitimu mmoja anayepanda Rombo kila mwezi kuketi na wahudumu kumi, akisikiliza visa vyao kwa Kiswahili na Kichaga, atawafikia watoto wengi kuliko mhitimu yuleyule akifungiwa ofisini mjini akisubiri rufaa. Kwa hiyo waombaji wa kwanza wa kufaa ni muuguzi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na daktari wa watoto walio kazini tayari, wakisoma huku wakihudumu, na saa zao za usimamizi zikiandikwa katika ratiba ya kazi sawa na zamu za wodini.