Gari Kuukuu la Dizeli: Usilipakie Kahawa Kabla ya Kulitazama

Gari limefika nyumbani jana jioni. Watoto wamelizunguka wanapiga honi, na jirani amekwisha kuuliza kama kesho waweza kumpelekea mahindi yake sokoni. Ni pikapu ya Toyota Hilux, ya dizeli, na kabla yako imetumiwa na watu wawili au watatu. Fedha uliyoitoa ni ya kahawa ya misimu mitatu, na pengine ng'ombe wa mama watoto wamo ndani yake pia. Nakupongeza. Lakini mahindi ya jirani yangoje wiki moja.

Aliyekuuzia alikuambia maneno mema tu. Huenda hakusema uongo. Huenda yeye mwenyewe hakujua. Wewe sasa ndiwe utakayelipa, basi yafaa ujue.

Anza na karatasi, maana haziwezi kungoja. Chukua kadi ya gari, ulinganishe namba ya chesisi na ya injini iliyoandikwa humo na namba zilizogongwa katika chuma chenyewe. Usitazame kibati tu. Tazama chuma, na kama pameparuzwa au pamechomelewa upya, nenda polisi kabla hujaenda kwa fundi. Kisha peleka habari kwa Mamlaka ya Mapato ili jina libadilishwe. Wengi hukaa miaka na kadi yenye jina la mtu mwingine. Siku mtu huyo akifariki, warithi wake watakuja kuliulizia gari la marehemu, nawe utakuwa na maneno matupu. Na ikiwa mmenunua kwa kuchanga, ndugu watatu wa ukoo mmoja, andikeni kila mtu alitoa kiasi gani, mweke sahihi mbele ya mashahidi, mngali mnapendana.

Sasa injini. Itazame alfajiri, ingali baridi. Usiifungue rejeta injini ikiwa moto kamwe, maji yatakurukia usoni. Fungua kifuniko utie kidole. Maji yakiwa na rangi ya kutu, gari limenyweshwa maji ya mtoni miaka mingi. Lisafishwe, litiwe maji ya rejeta yenye dawa. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, hilo ni jambo kubwa zaidi. Chomoa na kile kijiti cha kupimia oili. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi usiogope, huwa nyeusi upesi hata ikiwa mpya. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia humo: gasketi imeungua, au silindaheda imepasuka. Usiiwashe tena, mwite fundi.

Na hapa niseme neno juu ya mafundi wetu. Wengi wao gari likichemka huitoa themostati na kuitupa, wakisema huku kwetu ni joto, haina kazi. Si kweli. Kazi yake ni kuiwezesha injini kufika joto linaloifaa na kukaa hapo. Ikitolewa, injini hukaa baridi, hula dizeli nyingi, na huisha mapema, nawe hutajua ni kwa nini lilikuwa likichemka tangu mwanzo. Uliza kama yako ingalipo. Kama haipo, nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa washa. Fungua swichi ungoje ile taa ya manjano yenye alama ya waya uliosokotwa izimike, ndipo upige starta. Gari likikohoa kwa muda mrefu na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, huenda plagi za kupasha moto zimekufa. Moshi mweusi wakati wa kupanda mlima, dizeli ni nyingi kuliko hewa: tazama filta ya hewa kwanza, kisha nozeli. Moshi wa buluu usiokoma, injini inaunguza oili. Huo ndio wa gharama.

Jambo linalofuata nalijua kwa kuumia. Hilux nyingi za zamani zina injini ziitwazo 2L, 3L na 5L. Ndani, nyuma ya kifuniko cha mbele, mna mkanda wa mpira wenye meno unaofungua na kufunga valvu kwa wakati wake. Mkanda huo haulii wala hautoi dalili. Hukatika siku yake ikifika, na valvu hugongana na pistoni papo hapo. Wangu ulikatika usiku, katika milima ya Mbinga, nimebeba mgonjwa. Tulimchukua kwa machela mpaka barabara kuu, akapona, namshukuru Mungu. Injini haikupona, na fedha ya mavuno ya mwaka mzima ilikwenda nayo. Aliyeniuzia alisema mkanda ni mpya. Sikufungua kutazama.

Nyingi ya gari hizo zina taa yenye herufi T-BELT, ambayo huwaka zinapotimia kilomita 100,000 ili ubadilishe mkanda. Usiitegemee: mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma, na balbu yaweza kuchomolewa. Kama huna hakika ulibadilishwa lini, badilisha sasa, pamoja na roli inayoukaza. Fundi atazame pia kama oili inavuja juu yake, maana oili huuozesha mpira.

Badilisha na oili zote mara moja: ya injini na filta yake, ya gia boksi, ya difu. Filta ya dizeli vilevile. Chini ya filta hiyo mna kizibo. Kifungue kwa mkono, kinga kwa gilasi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Ukiyaona, yaache yatoke mpaka ije dizeli safi, funga, kisha bonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Fanya hivyo kila mwezi, hasa ukinunua dizeli ya madumu. Tena dizeli ya madumu huchanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Pampu hujisaga yenyewe.

Ingia chini ya gari na tochi. Tazama chesisi kama ina nyufa au imechomelewa, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa, kwa maana gari la tani moja huku kwetu hubeba mbili. Breki zifunguliwe magurudumu yote manne, na mafuta yake yabadilishwe. Ya zamani huwa yamevuta maji, na yakipata moto mteremkoni breki huzama chini. Tairi usizitazame meno tu. Ubavuni mna namba nne katika kiduara: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la miaka kumi hupasuka hata kama lina meno mazuri. Taa, honi na waipa kijana wako aweza kuzijaribu.

Mwisho, nunua daftari la shule, uliweke ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, na kila kilichobadilishwa, ukianza na mkanda. Umpe mwanao mwenye mwandiko mzuri aandike ukurasa wa kwanza, na siku ya saba umwite jirani alete mahindi yake.