Sura ya Tano: Kwa Nini Kijana Mfungwa Hupigana

Magomvi mengi ya gerezani huanza na kitu kidogo: nafasi ya kulala, kipande cha sabuni, mtu aliyeruka foleni ya ugali, jicho lililomkodolea mwenzake. Anayetazama kutoka nje huona upuuzi mtupu na kuhitimisha kwamba vijana hao ni wakorofi wa kuzaliwa. Hoja ya sura hii ni kwamba ngumi hiyo ina mantiki yake. Kijana hupiga anapoamini kuwa anatishwa au anadharauliwa, na anapoona hakuna mtu wala utaratibu utakaomtetea. Imani ya kwanza mara nyingi huingia nayo langoni. Ya pili hufundishwa na gereza lenyewe.

Tuanze na anayoingia nayo. Mwaka 1990, nchini Marekani, Kenneth Dodge, John Bates na Gregory Pettit walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo. Waliokuwa wameumizwa nyumbani walielekea zaidi kudhani kwamba mwenzao aliyewagonga alikusudia, hata pale ambapo nia haikuwa wazi, na ndio waliozidi kwa ukali shuleni. Magharibi mwa Kenya tahadhari ya aina hiyo imefunzwa kwa gharama kubwa. Kati ya 2006 na 2008 kundi la Sabaot Land Defence Force liliua watu, likawakata wengine masikio na kuwatimua wakazi wa wilaya ya Mlima Elgon, ambayo leo imo katika kaunti ya Bungoma. Machi 2008 jeshi liliingia na Operesheni Okoa Maisha, na watetezi wa haki za binadamu wakaripoti wanaume kukusanywa kwa wingi na kuteswa katika kambi ya Kapkota. Upande wa Kitale, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwaacha watu wengi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Mtoto aliyezaliwa 2002 alikuwa na miaka 6 mwaka 2008. 2022 alikuwa kijana wa miaka 20. Wengi wa watoto hao hawajawahi kuvunja sheria, lakini aliyejifunza mapema kwamba mtu mzima mwenye nguvu ni hatari hawezi kulisahau somo hilo anapofungiwa na watu wazima wenye nguvu.

Sasa tutazame mahali anapofungiwa. Taasisi ya kurekebisha vijana ya Shikusa, Kakamega, hupokea wavulana walio chini ya miaka 18. Aliyevuka umri huo mara nyingi huenda gereza la watu wazima, kama Kitale au Bungoma. Gresham Sykes, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu gereza la Trenton, New Jersey, alieleza kwamba kifungo humnyang'anya mtu uhuru, mali, mahusiano ya kimapenzi, uwezo wa kujiamulia na usalama. Kinachobaki ni jina lake mbele ya wenzake. Kijana hulishika jina hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa umri wenyewe humsukuma. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana walithubutu hatari zaidi pale wenzao wa rika walipokuwa wakiwatazama. Watu wazima hawakubadilika sana. Selo iliyojaa haikosi watazamaji, mchana wala usiku. Kwa mahabusu huongezeka mateso ya kutojua. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya dhamana yenye masharti ya kiasi, lakini asiye na hati ya shamba wala jamaa wa kumdhamini huendelea kukaa rumande, kesi ikiahirishwa asijue itakwisha lini.

Mpinzani atasema ukali huo wameuleta kutoka mtaani. John Irwin na Donald Cressey walitoa hoja inayokaribiana na hiyo mwaka 1962, kwamba wafungwa huingia na desturi zao za nje, na wana sehemu ya ukweli: ndiyo maana wawili hulala selo moja, mmoja akapigana na mwingine akanyamaza. Lakini ingekuwa tabia pekee, ingehama na mtu kila aendako. Kitengo maalumu cha gereza la Barlinnie, Uskoti, kilichofunguliwa 1973, kiliwapokea wafungwa waliokuwa wakali kuliko wote. Humo walipewa sauti katika maamuzi na nafasi ya kuzungumza na askari ana kwa ana, na mashambulizi yakapungua mno. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mahali.

Wengine watasema dawa ni nidhamu kali. Nidhamu inahitajika, kwani kijana asiyelindwa hutafuta mlinzi kwa nyapara au kwenye kundi, na ulinzi huo una bei yake. Ila kirungu hakiitoi nidhamu hiyo. Tangu majaribio ya Albert Bandura ya 1961 tunajua kwamba mtoto aliyemwona mtu mzima akipiga huelekea kumwiga, na askari anayepiga huthibitisha kile ambacho kijana alikishuku tangu mwanzo. Kinachotuliza ni mambo ya kawaida: kumwambia tarehe ya kesi yake, kusikiliza malalamiko na kuyajibu, kumtenga na wanaomwinda, kumpatia mshauri nasaha na kazi ya mikono. Mahakimu wa Kitale na Bungoma wana sehemu yao pia, kwa kupanga dhamana ambayo familia maskini inaweza kuitimiza. Ngumi moja ni kosa la aliyeirusha na aadhibiwe kwa hilo. Zinaporushwa kila wiki, wa kuulizwa ni wanaoliendesha gereza.