Dada, Kwani Hukumaliza Kusoma?

Juzi nilikuwa shule moja tunazungumzia malaria. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: “Dada, we si ulishamaliza chuo? Mbona unaomba tena kusoma?” Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Lakini swali ni zuri, na jibu lake linakuhusu hata wewe wa kidato cha kwanza.

Ukipata shahada ya kwanza unaweza kuomba shahada ya uzamili. Mimi nataka kusomea afya ya jamii. Tatizo ni kwamba waombaji wengi wana vyeti vizuri. Kinachowatenganisha ni maombi yenyewe.

Mwaka jana niliomba ufadhili, nikakosa. Niliandika: “Napenda sana kusaidia watu.” Nani hapendi? Sikusema watu gani wala nimewasaidiaje. Safari hii nimeeleza kuhusu wasichana waliokuwa wakikosa masomo siku za hedhi: tulifanya nini, tulishindwa wapi, na nataka kujifunza nini ili tufanye vizuri zaidi.

Chukua mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Muombaji anatakiwa awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Anaeleza uongozi wake na mipango yake, anachagua kozi tatu, na anatafuta wadhamini wawili. Akimaliza, lazima arudi nyumbani kwa miaka miwili. Unaona? Hakuna kitu hapo kinachopatikana kwa usiku mmoja.

Sasa wewe uanze na nini?

1. Tunza vyeti. Hakikisha jina lako linaandikwa vilevile kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Herufi moja tu ikikosewa inaweza kukusumbua baadaye.

2. Fanya kitu, kisha kiandike. Umeongoza klabu ya afya? Umepanda miti? Weka daftari: lini, wangapi, nini kilibadilika. Miaka kumi ijayo hutakumbuka.

3. Julikana na walimu wako kwa kazi. Mdhamini hawezi kuandika barua nzuri kuhusu mtu asiyemfahamu. Na ukimuomba, mpe muda wa kutosha, siyo “kesho asubuhi mwalimu.”

4. Andika mwenyewe. Kunakili maelezo ya mwenzio kunaweza kukuondoa kabisa. Mpe mtu asome, akukosoe, uandike tena. Anza mapema ili usije ukakesha siku ya mwisho.

5. Barua hailipiwi kwa mwili. Mtu akitaka ngono ndipo akupe maksi au barua, hiyo ni rushwa ya ngono. Hapa Tanzania ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Kosa ni lake, siyo lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga TAKUKURU namba 113, bure.

Majibu yangu bado hayajatoka. Nikikosa, nitasikitika siku mbili tatu, halafu nitauliza nilikosea wapi na kuomba tena. Wewe je, daftari lako liko wapi?