Watu wa Freretown

Ukitoka kisiwani Mombasa na kuvuka daraja la Nyali, muda si mrefu unafika Kengeleni. Hapo kando ya barabara imetundikwa kengele ya zamani. Inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya watu kila lilipoonekana jahazi la wateka watumwa. Siku hizi abiria wanaoshuka hapo huwa na haraka, na wachache wanajua kwamba wamesimama Freretown, mtaa wa watu waliolazimika kuanza maisha upya.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na waliookolewa humo walihitaji pa kukaa. Mwaka 1875 wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS (Church Missionary Society) wakaanzisha Freretown, wakaipa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyesukuma mkataba ule. Waliofikishwa hapo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengi walitekwa wangali watoto, na njia ya kurudi kwao hawakuijua.

Wengine walitokea India. William Jones, Myao kwa kuzaliwa, alilelewa huko Nasik pamoja na Waafrika wenzake waliookolewa, kisha mwaka 1864 akaja Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana alimpa ushemasi, wakaandamana safari ya kwenda Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani.

Watu hawa hawakuwa na mizimu wala mzee mmoja wa kuwaunganisha. Walichokuwa nacho ni kanisa, shule, mashamba na Kiswahili, ambacho wengi walijifunza ukubwani. Kwa hivyo vichache wakajenga jamii. Mwaka 1934 James Mbotela, wa ukoo wa Kiyao uliokulia hapo, alichapisha Uhuru wa Watumwa, akiyaandika masaibu ya wazazi wao kwa lugha hiyohiyo. Ukoo huo ndio ulioipa Kenya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake redioni ilijulikana nchi nzima. Hata chuo cha wachungaji kilichoanza Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Hata hivyo, Kenya ina desturi ya kumuuliza mtu kabila lake kabla ya kumpa kitambulisho, na swali hilo huwaumiza wenye asili ya mbali. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale miaka mingi bila uraia. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu hadi Nairobi kumwona Rais. Ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani walisubiri hadi 2023.

Mtu ambaye babu na bibi zake wamezikwa Freretown hapaswi kutumwa Malawi au Msumbiji kutafuta kwao. Ofisi za usajili zingeanza na kumuuliza alizaliwa wapi, kalelewa na nani, na majirani wanamjua tangu lini.